Mjenzi wa Liverpool na wenzake: jinsi picha za galaksi zilivyoanza kupigwa

Picha ya kwanza iliyoonyesha wazi umbo la galaksi ilipigwa na mjenzi. Isaac Roberts, mzaliwa wa Wales, alikuwa amechuma mali kwa kazi ya ujenzi mjini Liverpool, na pesa hizo akazitia kwenye darubini. Mwaka 1885 alinunua darubini ya kioo chenye kipenyo cha inchi 20, yaani sentimita 51 hivi, akaisimika nyumbani kwake Maghull. Mwishoni mwa 1888 bamba lake la kioo la kupigia picha lilionyesha kwamba Andromeda, iliyojulikana tangu zamani kama doa la ukungu, ina mikono ya mwanga inayozunguka kitovu.

Roberts alipitia njia iliyokwisha kufunguliwa. Henry Draper, daktari wa New York, ndiye aliyepiga picha ya kwanza ya nebula, yaani wingu la gesi angani, ile ya Orioni, Septemba 30, 1880, kwa kuacha bamba wazi dakika 51. Miaka mitatu baadaye Andrew Common, mhandisi wa mifumo ya maji taka, alipiga nebula hiyohiyo kutoka bustani ya nyumba yake Ealing, na picha yake ikatoa nyota ambazo jicho halikuweza kuziona. Wote wawili walinufaika na bamba kavu la jelatini, lililobuniwa na Richard Maddox, naye pia daktari, mwaka 1871. Bamba la awali lilipaswa kutumika likiwa bichi, na lilikauka baada ya dakika chache tu. Bamba kavu liliweza kukaa wazi kwa saa nyingi.

Hapo ndipo ugumu ulipohamia. Dunia inazunguka, kwa hiyo darubini lazima iifuate nyota bila kusita, la sivyo kila nyota itatoka kama mchirizi. Mashine ya saa iliisukuma darubini, lakini haikuaminika. Mpiga picha alikaa gizani, jicho likiwa kwenye lenzi ya pili, akiishikilia nyota moja ya kuongozea mahali ambapo nyuzi mbili nyembamba hukutana. Ikiteleza kidogo, aliirudisha kwa mkono, usiku kucha, tena wa majira ya baridi.

Picha ilikuwa nzuri, tafsiri yake ikawa ya makosa. Roberts aliamini ameona mfumo kama wa Jua letu ukizaliwa, pete zake zikielekea kuwa sayari. Si ajabu: hakuna aliyejua umbali wa kitu hicho. Jibu lilipatikana baada ya Oktoba 1923, pale Edwin Hubble, akitumia darubini ya inchi 100 ya Mount Wilson, Marekani, alipotambua ndani ya Andromeda nyota inayobadilika mng'ao. Kwa nyota hiyo alipima umbali, ikadhihirika kwamba Andromeda iko nje kabisa ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Leo umbali huo unakadiriwa kuwa miaka ya nuru milioni 2.5.

Darubini kubwa zilipoingia mikononi mwa vyuo, watu wa ridhaa waliachwa nyuma kwa miongo mingi. Filamu waliyotumia ilikuwa na kasoro ya kuchoka: kadiri ilivyokaa wazi ndivyo ilivyozidi kupokea mwanga kwa uvivu. Katika miaka ya 1970 na 1980 baadhi yao waliioka filamu kwenye mchanganyiko wa haidrojeni na naitrojeni kabla ya kuitumia, ili kuipunguzia uvivu huo. Dawa kamili ilikuwa kipokezi cha kielektroniki cha CCD, kilichobuniwa Bell Labs mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith. Filamu hunasa chembe chache tu kati ya kila 100 za mwanga zinazoifikia. Kipokezi hiki hunasa zaidi ya nusu. Picha zake, kwa kuwa ni namba, zinaweza kurundikwa moja juu ya nyingine kwa kompyuta: picha 100 zikijumlishwa, chengachenga hupungua mara kumi.

Matokeo yake ni ugunduzi wa kweli, si mapambo. Septemba 20, 2016, Víctor Buso, fundi wa kufuli wa Rosario, Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini ya sentimita 40. Aliielekeza kwenye galaksi NGC 613, na katika mfululizo wa picha fupifupi akanasa nyota ikianza kulipuka, hatua ambayo watafiti walikuwa wameitafuta kwa muda mrefu. Mwaka 2022 wapiga picha watatu wa ridhaa, wakitumia lenzi yenye kipenyo cha milimita 106 tu, walikuta tao kubwa la gesi ya oksijeni pembeni mwa Andromeda. Galaksi hiyo ilikuwa imepigwa picha kwa zaidi ya miaka 130 bila yeyote kuliona. Kama tao hilo liko kwenye Andromeda yenyewe au ni gesi ya Njia Nyeupe iliyo mbele yake, wataalamu wameendelea kubishana.