Upatanisho wa Ngeli katika Programu za Kompyuta

Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka wa 1930 ili kusanifisha Kiswahili cha Afrika ya Mashariki, ilijishughulisha hasa na tahajia na msamiati wa vitabu. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia yenye menyu na maelezo ya Kiswahili.

Yaweza kudhaniwa kwamba ugumu wa kazi ya namna hii ni istilahi tu. Sivyo. Mara nyingi mtunga programu huandika sentensi yenye pengo, na jina la kitu hujazwa baadaye. Kiingereza hakidhuriki, Kiswahili huharibika, kwani waraka umefutwa, picha imefutwa, jedwali limefutwa. Utaratibu wa gettext, utumikao katika programu nyingi huria, hutenga umoja na wingi kwa hesabu, lakini hauulizi ngeli.

Basi dawa si neno jipya, bali kumpa mfasiri sentensi nzima kwa kila jina. La sivyo, mtumiaji atarudi kwenye Kiingereza, akidhani kasoro ni ya lugha yake.