Yowe la Usukumani



Katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za dumuzi, yule mdudu aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anayegeuza mahindi ghalani kuwa vumbi. Miaka ileile, katika nchi ileile ya Wanyamwezi na Wasukuma, wakulima walikuwa wakipambana na mharibifu mwingine, huyo mwenye miguu miwili. Alikuja usiku akatoboa ukuta wa udongo, au akaangusha mlango kwa lile jiwe kubwa tuliitalo fatuma. Asubuhi baiskeli hakuna, redio hakuna, na zizi liko wazi.

Kwa nini wizi ulizidi wakati ule? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha bunduki nyingi mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Madukani bidhaa zilikuwa adimu, kwa hiyo hata blanketi na sufuria vilikuwa mali ya kuibwa. Tena kumbuka kwamba miaka michache nyuma, hasa 1974, watu walihamishwa kutoka mahame yao wakakusanywa vijijini. Nyumba zilikaribiana, lakini wenye nyumba hawakuwa wamezoeana bado. Balozi wa nyumba kumi alikuwapo tangu miaka ya 1960, naye alijua nani kalala kwa nani. Lakini kujua ni jambo moja, kutoka nje usiku wa manane kumkabili mwenye bunduki ni jambo jingine. Kituo cha polisi kilikuwa mbali. Na ukishitaki, mwizi akarudi kijijini baada ya siku chache, wewe utalala wapi?

Basi kati ya 1981 na 1982, huko mpakani mwa wilaya za Kahama na Nzega, wanakijiji walianza kujilinda wenyewe. Wenyewe walijiita Basalama, yaani watu wa salama. Wengi wakawajua kwa jina la sungusungu, wale chungu weusi ambao ukimkanyaga mmoja unaumwa na mia. Kila kijiji kilikuwa na mtemi wake wa ulinzi, katibu na makamanda. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale, na filimbi shingoni. Katika muda mfupi mpango ukaenea Shinyanga, Tabora na Mwanza.

Watu wengi wakisimulia habari hizi husifu mishale. Mimi nadhani mishale ilikuwa na sehemu ndogo tu. Nguvu yenyewe ilikuwa yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Hebu tazama lilivyofanya kazi. Mwenye nyumba akiibiwa hakutoka kumfukuza mwizi peke yake. Alipiga yowe. Jirani akilisikia alilipokea na kulipeleka mbele, filimbi zikalia, na kijiji cha pili kikapokea kabla mwizi hajakifikia. Vijana wa kule hawakukimbilia nyumba iliyoibiwa. Walikwenda kuziba njia na vivuko. Mwizi wa ng'ombe, hata awe na bunduki, hana mwendo kuliko sauti. Mbele yake kila njia ina watu, na nyuma yake wafuata nyayo wanakuja.

Na yowe hili lilikuwa na sheria yake: mwanamume mzima akilisikia hana ruhusa ya kujifunika blanketi. Asiyetoka alitozwa faini, na akizidi ukaidi alitengwa. Hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumsaidia kulima, hata msibani kwake watu hawaendi. Jambo hili halikutoka mbinguni. Zamani katika Usukuma vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewapanga kulima mashamba kwa zamu, na mvivu alilipa faini. Utaratibu wa jembe ndio ulioshika upinde.

Sasa tuseme na upande mchungu, maana tukiuficha tutakuwa tunadanganyana. Walinzi walipogeuka kuwa mahakimu, mambo yaliharibika. Washukiwa walipigwa, wengine wakafa, na wengine hawakuwa wezi hata kidogo. Kisha msako wa wezi ukageuka msako wa wachawi. Vikongwe walifukuzwa makwao kwa sababu ya macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia pasipo na kuni! Lakini tusidhani kwamba ni wanakijiji tu waliokosea hivi. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga.

Serikali ilisitasita. Polisi na mahakama waliwashitaki baadhi ya walinzi, huku viongozi wa Chama wakiwaunga mkono. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa fulani mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili walinzi wa jadi wapewe uwezo wa kukamata. Kukamata, ndugu yangu. Kuhukumu hakumo.

Miaka ya 1990 sungusungu waliingia na mijini, Dar es Salaam ikiwamo. Huko kaya ilitoa mtu wa zamu au ilitoa fedha, na mwenye kazi ya ofisi alipendelea kutoa fedha. Taratibu mtaa ukawa na vijana wachache wanaolipwa, na wengine wote wamefunga milango. Vijana wasipolipwa, zamu hakuna.

Siku hizi simu imechukua kazi ya filimbi katika vijiji vingi, nayo inafika mbali zaidi. Ila simu inaweza kuzimwa, au isiwe na chaji. Kwa hiyo mnapopanga zamu za mavuno, wakati magunia yamejaa ndani, andikeni majina ya kaya zote kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji: nani analala macho usiku upi, nani anaziba kivuko, na ni wawili gani watakaompeleka mshukiwa kituoni akiwa mzima, pamoja na mali iliyokamatwa, na baadaye kurudi kutoa ushahidi mahakamani. Hao wawili jirani zao wawalimie siku hiyo.