Bia ni ya Halmashauri, Dubwi ni la Taifa

Anayetaka kufungua baa karibu na stesheni ya TAZARA pale Mlimba, wilayani Kilombero, hupeleka maombi yake halmashauri, kwa sababu Sheria ya Vileo ya 1968 iliziachia mamlaka za wilaya kazi ya kutoa leseni za pombe. Kampuni ikitaka kuweka mashine ya kamari iitwayo dubwi pembeni ya kaunta hiyo hiyo, neno la mwisho si la halmashauri tena. Ni la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chombo cha taifa kilichoundwa kwa sheria ya 2003. Wateja ni wale wale, na pesa ya mpunga inayoishia kwenye chupa ndiyo inayoishia kwenye mashine. Ila bia inaamuliwa na watu wanaokijua kitongoji, na mashine inaamuliwa na watu wanaoijua sekta. Mgawanyo huu haukutokana na uzito wa madhara ya kimoja dhidi ya kingine. Umetokana na historia, na kwa maoni yangu historia hiyo ilifanya jambo la jirani kuwa jambo la Hazina.

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Bunge lilitunga sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubashiri. Mwaka 1974 ikafuata Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, na dola iliyokuwa ikihubiri kwamba mtu hula jasho lake ikaanza yenyewe kuuza tiketi. Wengi wamecheka kinzano hilo, lakini silo lenye maana zaidi. Lenye maana ni tarehe. Mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ulizivunja halmashauri za wilaya na kuwaweka watumishi wa serikali kuu mahali pa madiwani. Kwa hiyo sheria ya 1974 ilipopita, hapakuwa na baraza la madiwani la kuulizwa wala la kugawiwa chochote. Bonde la Kilombero mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 lilikuwa na wageni wengi, reli ya TAZARA ikipasuliwa kutoka Mlimba kupanda kuelekea Makambako, kipande kigumu kuliko vyote kwa wingi wa mahandaki na madaraja. Mji wa Mlimba ulikuwa unakua huku chombo cha kuusemea kikiwa kimefutwa. Sheria ya Vileo iliokoka kwa sababu ilitangulia kuvunjwa huko. Ilitungwa wilaya zikiwa bado na halmashauri, na zilipofufuliwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984, leseni ya pombe ilijua nyumbani kwao. Kamari haikuwa na nyumbani pa kurudi.

Mwaka 2003 ulikuwa nafasi ya kurekebisha, na ulipita upande mwingine. Sheria mpya ilifuta zile za 1967 na 1974, na ikaweka usimamizi wote chini ya Bodi iliyo katika himaya ya Wizara ya Fedha. Mwaka huo huo serikali ilifuta kodi ya maendeleo, moja ya vyanzo vikubwa vya mapato ya halmashauri za vijijini. Sitetei kodi ile. Aliyekumbwa na msako wa mgambo alfajiri anaijua. Nasema tu kwamba mwaka ule halmashauri zilipoteza chanzo cha zamani, na biashara mpya iliyokuwa ikielekea kwenye kila grosari ikapita juu ya vichwa vyao. Mwaka 2017 ukusanyaji wa kodi ya michezo hiyo ukahamia Mamlaka ya Mapato, na mwaka huo huo ushuru wa mazao ukashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa wilaya inayoishi kwa mpunga na kakao, hiyo si habari ndogo. Leo wilaya ya Kilombero ina halmashauri mbili, ya Mji wa Ifakara na ya Wilaya ya Mlimba, na hakuna kati yao inayoweza kusema kwa nguvu ya sheria ya 2003 kwamba mtaa fulani mashine zimetosha.

Mtetezi wa mfumo wa sasa ana hoja nzito, na ni haki isikilizwe. Atasema kamari ya leo si mashine tena, ni simu. Kijana wa Mngeta anasuka mkeka wake wa kubeti akiwa shambani, pesa inatoka kwenye akaunti ya simu, na kampuni inayompokea haina hata dirisha wilayani. Diwani atamkagua nani? Hapo nakubali bila kinyongo. Huduma za fedha kwa simu zilipoenea baada ya 2008, dau lilikata uhusiano na mahali, na kitu kisicho na mahali hakiwezi kusimamiwa na mamlaka ya mahali. Kudhibiti umri wa mchezaji, kukagua mitambo, kufuatilia malipo ya washindi, yote hayo yanataka chombo kimoja chenye wataalamu. Lakini hoja hiyo ni ya simu. Mashine ya dubwi ina uzito, ina miguu, inachomekwa kwenye umeme wa jengo fulani, mita kadhaa kutoka shule fulani. Kuihamishia mashine sheria iliyofaa simu ni kama kumtoza ada ya barabara mtu anayepita mtoni kwa mtumbwi.

Kenya ilijaribu kuandika mstari huo ndani ya Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kamari, kasino na mashindano ya mbio, likiziweka fungu moja na leseni za vileo, huku serikali ya kitaifa ikibaki na kamari ya kitaifa. Mwandishi wa jedwali alikuwa na akili ya baa: aliona pombe na dau ni majirani. Alichokosa ni kueleza neno moja, kitaifa. Kampuni ya mtandaoni iliyosajiliwa Nairobi na kuchezwa Turkana ni ya nani? Sheria ya zamani ya 1966 na bodi yake ziliendelea kufanya kazi kana kwamba Katiba haijabadilika, hadi sheria mpya ya kudhibiti kamari iliposainiwa Agosti 2025. Miaka 15 ya kungoja tafsiri ya neno moja. Wapo wanaotumia mfano huo kusema madaraka yasigawanywe. Mimi nauona kinyume: Kenya ilikwama kwa sababu mstari ulichorwa kwa jina la biashara na kusahau mahali dau linapowekwa.

Kosa la jina ndilo linalowasumbua Wamarekani sasa hivi, kwa sura ya kuchekesha zaidi. Kwao kamari kwa asili ni jambo la majimbo. Mwaka 1992 Bunge lao lilizuia majimbo karibu yote kuruhusu kubeti michezo, na Mei 2018 Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria hiyo katika kesi iliyotoka New Jersey. Majimbo zaidi ya 30 yakafungua milango, kila moja kwa leseni na kodi yake. Kisha ikaja kampuni ya Kalshi na kusema yenyewe haichezeshi kamari, inauza mikataba juu ya matukio yajayo, nani atashinda uchaguzi, timu gani itashinda mechi, na kwamba mikataba ni mali ya tume ya serikali kuu inayosimamia masoko ya bidhaa za baadaye, iliyoundwa 1974. Mwaka 2025 Nevada, New Jersey na Maryland ziliiamuru iache, kampuni ikaenda mahakamani, na majaji katika majimbo tofauti wakatoa maamuzi yanayogongana. Asili ya masoko hayo ni ya heshima kabisa: mkulima wa nafaka wa karibu na Chicago alitaka kujua leo bei ya mavuno ya baadaye. Mkulima wa Mbingu, Kilombero, anayeuza mpunga ukiwa bado shambani anaelewa haja hiyo, na anaelewa pia anavyopunjwa. Yeye ana mpunga, anapunguza hatari aliyo nayo. Anayeweka pesa kwenye ushindi wa timu hana mpunga wowote; anatengeneza hatari ambayo haikuwepo. Anayechagua jina la bidhaa anakuwa amejichagulia na msimamizi wake.

Inabaki pingamizi inayoniumiza kichwa zaidi: halmashauri zina njaa. Zikipewa leseni za mashine, zitazigawa kama karanga, kama ambavyo baadhi zimegawa za baa hadi baa zikatazamana mlango kwa mlango. Ni kweli. Ila serikali kuu nayo ina njaa. Tofauti ni umbali wa mlalamikaji. Mama wa Mlimba anaweza kumfuata diwani wake sokoni, na kila miaka mitano anaweza kumnyima kura. Hawezi kumfanyia hivyo mjumbe wa Bodi. Tena njaa ina dawa yake: kodi ibaki ilipo, halmashauri ipewe tu haki ya kukataa, pamoja na ada ndogo ya kulipia ukaguzi, isiyoongezeka kwa wingi wa mashine. Asiye na faida katika kukubali hukataa kwa sababu za kweli. Na wanaosema nchi moja haiwezi kuwa na wasimamizi wawili wa kamari wafungue orodha ya mambo ya Muungano. Michezo ya kubahatisha haimo, na sheria ya 2003 inaishia Tanzania Bara. Bodi za leseni za vileo za wilaya zinakaa vikao vyao tayari, zikipitia moja baada ya nyingine ipi ipo jirani na shule na ipi imelalamikiwa. Mashine zimo humo humo ndani ya baa hizo, lakini neno la mwisho juu yake liko kwingine.