Tishali, Birika na Kungoja Maji

Mwambie mtu wa Kibokoni kwamba likizo utaipitisha mferejini, naye atakuuliza kama maji yamerudi kwenu. Mfereji, kwa watu wa Mombasa, ni ule wa ukutani wa kukingia ndoo, na kisiwani petu aghalabu hutoa upepo kabla ya kutoa maji. Ng'ambo ya mpaka, Tanga au Dar es Salaam, huo huitwa bomba. Mfereji kwao ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, jamaa ya mifongo ya Wachagga huko Kilimanjaro. Hata hivyo, Machi 2021, meli ya Ever Given ilipouziba Mfereji wa Suez kwa siku 6, sikumsikia mtu Mji wa Kale akiuliza ni bomba la wapi.

Shida huanza tukitaka kusimulia likizo moja ya Waingereza. Familia hukodi chombo chembamba chenye vitanda na jiko, kikatambaa kwenye mifereji iliyochimbwa tangu karne ya 18, kwa mwendo usiozidi maili 4 kwa saa. Anayetembea kwa haraka ukingoni hukipita. Tukiite nini? Mashua ina mlingoti na tanga. Mtumbwi ni gogo lililochongwa. Vyombo hivyo vya Waingereza viliundwa kubebea makaa ya mawe na vyombo vya udongo, vikikokotwa na farasi aliyetembea kando ya maji. Upana wake ni futi 7, urefu unafika futi 70, kwa sababu mhandisi James Brindley na wenzake waliamua kujenga njia nyembamba ili kubana gharama na maji. Chombo cha mizigo, bapa chini, kisicho na tanga, chenye kuvutwa: hicho Mombasa tunakijua, nacho ni tishali. Kabla ya gati za maji marefu kufunguliwa Kilindini mwaka 1926, meli zilitia nanga mbali na nchi kavu na shehena ikaletwa pwani kwa matishali. Basi chombo cha likizo cha Waingereza ni tishali jembamba lililostaafu, likatiwa mapazia.

Kigumu zaidi ni kile chumba cha maji. Mfereji ukifika penye mwinuko, hujengwa chumba cha mawe chenye malango huku na huku. Chombo huingia, lango hufungwa nyuma yake, maji huachiwa kutoka juu, chombo kikapanda nayo hadi yalingane na maji ya mbele, kisha lango la pili likafunguliwa. Suez, iliyofunguliwa mwaka 1869, haina chumba hata kimoja, maana bahari zake mbili zinakaribia kuwa sawa. Panama, ya mwaka 1914, inavyo: hupandisha meli mita 26 hadi Ziwa Gatun, halafu huzishusha upande wa pili. Waingereza hukiita chumba hicho kwa neno lile lile la kufuli, na mtafsiri mwenye haraka ataandika "kufuli za Panama". Msomaji ataona nini hapo isipokuwa meli iliyotiwa komeo? "Mlango" nao haufai, kwani mlango wa bahari ni njia nyembamba kati ya nchi na nchi, kama ule wa Gibraltar.

Mimi ningeanza kutafuta msikitini. Misikiti ya kale ya mwambao ina birika, hodhi la mawe na chokaa la kutilia udhu. Najua vijana wakisikia birika hufikiria chai. Wazee wa Mji wa Kale na wa Lamu hawana wasiwasi huo, na chumba cha mawe kinachojazwa na kupunguzwa maji kwa makusudi sioni kingine cha kukiita. Milango yake mikubwa ni malango. Kuna pia ule ukingo wa mawe chini ya lango la juu, unaofichika maji yakijaa. Tishali linaloshuka likikaa nyuma mno, tezi yake huukalia, omo ikazama. Huo ni kizingiti, neno ambalo limo hata katika jina la kijiji cha Kizingitini kisiwani Pate.

Mifereji ya kuchimbwa ya vyombo kwetu ni haba. Karne ya 19 ulichimbwa wa Belezoni, kuunganisha Mto Tana na Mto Ozi. Tana ukaupenda, ukaufanya njia yake, na mpaka leo humwaga maji yake Kipini. Njia nyembamba za asili, hizo tunazo. Mabaharia wa Lamu wana Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na chombo kiendacho Pate au Faza kikiukuta umepwa hakina la kufanya ila kungoja maji. Kungoja maji! Yule Mwingereza aliyekaa juu ya tishali lake na kikombe cha chai, akitazama birika likijaa, ndiyo kazi anayoifanya, na hana neno zuri kama hilo.

Kisiwa cha Mombasa chenyewe kimeishi kwa kungoja maji. Wakati wa bamvua bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Wakati wa maji mafu husogea kwa uvivu. Makupa, kati ya kisiwa na bara, palikuwa pakivukika kwa miguu maji yakipwa, na mwaka 1589, merikebu za Mturuki Mir Ali Bey zilizolinda kivuko hicho zilipotekwa na Wareno, Wazimba, wapiganaji waliokuwa wakingoja bara, wakaingia kisiwani. Mwaka 1929 likajengwa tuta la barabara, maji yakazibwa, hata daraja lilipofunguliwa mwaka 2022 yakapata tena pa kupita. Majina ya hapa, hata hivyo, si yote yasemayo maji: upande wa magharibi, Port Reitz imebeba jina la Luteni Reitz wa manowari Leven, aliyefariki mwaka 1824 kwa homa. Kilindini inasema habari ya maji yake, kilindi, na ulikuwa mji wenye watu wake, Wakilindini wa Thelatha Taifa, yale mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, kabla haijawa bandari ya meli kubwa. Jina la Reitz lingeondolewa kesho nisingelia.

Na safari ya likizo yenyewe, kwetu ile ya kutoka Bandari ya Kale kwa mashua, kupita chini ya Daraja la Nyali hadi kwenye mikoko ya Tudor, bila haja wala haraka? Ofisini wataiita livu. Sisi husema tunakwenda kupunga upepo.

Ombi langu ni kwa watunga kamusi. Wateremke Bandari ya Kale na daftari, wakae na manahodha waliobaki, waulize kila hali ya maji inaitwaje kabla hawajaunda istilahi nyingine mezani.