Jaribio, Uhakiki na Uthibitishaji: Kutoka Mwadui hadi Hazina

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini Tanzania. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na miaka mingi ikapita kabla ya marufuku hayo kulegezwa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: uhaba wa fedha za kigeni, na pia hesabu za Serikali zilizovurugika baada ya kukabidhiwa mashine. Tukio hili linawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali, kwa kuwa linatufundisha kwamba mtambo kuwaka ni jambo moja, na majibu yake kuwa sahihi ni jambo jingine. Lugha isiyotenganisha mambo hayo mawili haimsaidii mwenye kununua.

Maarifa ya kutenganisha hayakuanzia katika kompyuta. Mchimbaji mdogo wa Geita, kabla ya kupeleka mawe yake yote kwenye karasha, hutwanga machache na kuyaosha katika karai ili aone kama yana dhahabu. Hilo ni jaribio: sehemu ndogo inapimwa ili kukisia yote.

Huko Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, swali ni gumu zaidi. Mchanga ukishapita mtamboni na almasi chache zikapatikana, nani ajuaye zilizopotea? Viwanda vya almasi duniani vina jibu lao: hutia katika mchanga vipande bandia vyenye rangi, ambavyo uzito wake kwa ujazo unalingana na ule wa almasi, kisha huvihesabu vinapotoka. Vikiingia 100 na kutoka 90, mtambo hauna budi kurekebishwa. Hapa kinachopimwa si mchanga, bali ni kile chombo cha kupimia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Harlan Mills wa kampuni ya IBM nchini Marekani alishauri njia inayofanana na hiyo: kasoro zipandwe kwa makusudi katika programu, kisha ihesabiwe ni ngapi kati yake zimegunduliwa na wajaribuji. Naye Edsger Dijkstra wa Uholanzi alikwisha kuonya kuwa jaribio laweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, lakini haliwezi kamwe kuthibitisha kuwa hazipo.

Tunayo maneno ya kutosha kuyaeleza haya. Kujaribu, kuhakiki na kuthibitisha yana asili ya Kiarabu. Kupima na kukagua ni ya Kibantu. Kinachotakiwa ni kila neno lipewe kazi yake. Jaribio ni kuiendesha programu ili kasoro zake zijitokeze. Ukaguzi ni kuyasoma maandishi yake bila kuiendesha. Uhakiki ni kuilinganisha na yale yaliyoandikwa katika mkataba. Walimu wa fasihi wanalo neno hili kwa maana yao, lakini watumishi wa umma wanaikumbuka maana tunayoikusudia: katika zoezi lililotolewa matokeo yake mwaka 2017, uhakiki wa vyeti ulikuwa kulinganisha cheti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Uthibitishaji ni kuhakikisha kwamba programu inamfaa mtumiaji, kwani huenda ikalingana na mkataba neno kwa neno na bado isimfae mtunza hesabu anayeitumia.

Tofauti hizi si za anasa. Mkataba ukisema tu kwamba mfumo "utakaguliwa kabla ya kupokelewa", muuzaji ataonyesha makaratasi na kudai malipo, wala mnunuzi hatakuwa na hoja. Ukisema kwamba mfumo utajaribiwa kwa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, utahakikiwa kwa mkataba, na kuthibitishwa na watakaoutumia, mlango huo utakuwa umefungwa. Mfasiri anayechagua neno moja kati ya hayo manne ndiye anayeushika ufunguo.