Plagi za Kupasha Joto na Ufundi wa Dizeli katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Historia ya migodi ya Shinyanga na Geita huandikwa kwa kawaida kwa kufuata mwamba na mwenye mwamba: Wajerumani waliobaini dhahabu Geita mwaka 1898, mgodi wa kikoloni uliozalisha tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, almasi aliyoigundua Mkanada John Williamson huko Mwadui mwaka 1940, na kampuni za kigeni zilizoingia kwa kishindo baada ya Sheria ya Madini ya 1998. Ufundi wa dizeli hautajwi sana katika historia hiyo, ingawa ndio uliovuta maji mashimoni, ukasaga mawe na kuwafikisha watu machimboni. Ndani ya ufundi huo kipo kifaa kidogo chenye historia yake, nacho ni plagi ya kupasha joto, ambayo mafundi huiita hita plagi.

Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel alifanikiwa kuiendesha mwaka 1897, haiwashwi kwa cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate moto wa kutosha kuyaunguza mafuta yanaponyunyizwa na nozeli. Katika injini ndogo za magari, mafuta hayo kwa muda mrefu yalinyunyiziwa kwanza katika chumba kidogo kilicho pembeni ya silinda, na kwa kuwa kuta za chumba hicho hunyonya joto la hewa iliyobanwa, injini iliyolala usiku kucha huwa ngumu kuwaka. Plagi, ambayo ncha yake hupata joto kwa umeme wa betri, iliwekwa ndani ya chumba hicho ili kuifidia hewa joto ililopoteza. Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936, mojawapo ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kuuzwa, ilikuwa nayo.

Si kila dizeli iliyofika kanda ya ziwa ilihitaji plagi, na jambo hili ndilo lililochelewesha maarifa yake. Malori mengi makubwa hunyunyizia mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, mahali ambapo joto halipotei kwa wingi. Nazo injini za silinda moja, ambazo kwa miaka mingi zimezungusha makarasha ya wachimbaji wadogo, yaani mapipa ya chuma yenye mipira mizito ndani yanayosaga mawe ya dhahabu, huwashwa kwa hendeli huku kishikio maalumu kikiachia hewa mpaka gurudumu zito lishike kasi. Kwa hiyo mtu aliyejifunza dizeli kwenye karasha la Rwamgasa au Nyarugusu angeweza kuwa hodari wa pampu na ringi za pistoni bila kuwahi kuigusa plagi hata moja.

Plagi zilikuja na magari madogo, na kila kizazi cha magari kilikuja na aina yake. Land Rover ya dizeli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957, ilikuwa na plagi za waya ulio wazi, zilizounganishwa kwa mfululizo, yaani umeme ulipita katika plagi moja ndipo ufike nyingine. Kila plagi ilipokea takribani volti 2 tu, na moja ikikatika, zote hupoa. Kumtafuta mkosaji kulikuwa kazi ya kupima hatua kwa hatua, kwa kuanzia mwisho wa mnyororo.

Kizazi cha pili kiliunganishwa sambamba: waya umefichwa ndani ya mrija wa chuma uliojazwa unga wa madini, na kila plagi hupata volti zote 12 bila kutegemea jirani yake. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ni ya kundi hili, na ndilo gari lililotawala barabara za migodi, za serikali na za mashirika ya misaada. Wakati wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara mwaka 1994, na kituo cha reli cha Isaka wilayani Kahama kikawa njia kuu ya chakula chao, magari ya aina hii yalizidi kuonekana katika ukanda huu.

Upimaji wa plagi hizi ni mwepesi. Bamba linaloziunganisha huondolewa, kisha kila moja hupimwa kwa mita. Plagi nzima huonyesha ukinzani mdogo, aghalabu unaokaribia omu 1, na iliyokatika haionyeshi njia yoyote. Asiye na mita hutumia taa ya kupimia iliyofungwa kwenye chanya ya betri, ingawa taa huthibitisha tu kwamba waya haujakatika, wala haisemi kama ncha inapata joto. Ndiyo maana mafundi wengi hupendelea kuichomoa plagi, kuigusisha kwenye betri, na kuangalia kama ncha inaiva wekundu baada ya sekunde chache. Plagi zote zikiwa nzima na gari bado halipashi, lawama huhamia kwenye rilei na fyuzi.

Ugumu wa kweli uko kwenye kuchomoa. Ncha huvimba na kushikwa na masizi, na fundi mwenye haraka huikata ndani ya silinda hedi, ajali inayoweza kuilazimisha hedi nzima ifunguliwe kwa ajili ya kipande kisichozidi kidole. Kanuni ni kuifungua plagi injini ikiwa na uvuguvugu, kutanguliza mafuta ya kulainisha kutu, kwenda taratibu, kusafisha tundu, kisha kuanza kufunga plagi mpya kwa vidole kabla ya spana.

Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lakini asubuhi zake si za baridi kali, hivyo injini yenye kompresheni nzuri huwaka hata plagi mbili au tatu zikiwa zimekufa. Joto hilo limewadanganya wenye magari wengi. Plagi hupuuzwa kwa miaka, mpaka ringi zinapochakaa na hewa kuanza kuvuja. Hapo gari hugoma asubuhi, na plagi mpya hununuliwa kutibu ugonjwa ambao kwa sehemu kubwa ni wa ringi. Wapo pia wanaopulizia petroli kwenye njia ya hewa, desturi ya hatari, kwa kuwa mvuke wake unaweza kulipuka kwa ncha ya moto kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni.

Kizazi cha tatu kimeingia na injini zinazodhibitiwa kwa kompyuta, ambazo nyingi hutumia plagi za volti chache, kama 4.4, 5 au 7, zinazopata moto ndani ya sekunde mbili hivi. Kwa hiyo kipimo cha betri ni cha kizazi cha kati peke yake: kingeziunguza plagi za Land Rover ya zamani, na huziunguza hizi mpya kwa muda mfupi sana. Volti ya plagi aghalabu huandikwa kwenye mwili wake, na fundi anapaswa kuisoma kabla ya kuisogeza plagi kwenye betri.