Vita, mimba na jeni: alama gani zinabaki kwa mutoto?

Kuna wenye kusema kama mutoto ambaye mama yake alimbeba mimba akikimbia vita, damu yake imeharibika. Sayansi haisemi hivyo. Inasema kitu kingine, na sehemu moja ya jibu ilitoka hapa Goma.

Tuanzie kwa seli, zile chembe ndogo sana zinazojenga mwili. Ndani ya karibu kila seli kuna ADN, uzi wenye maagizo ya mwili mzima. Ukinyoosha uzi wa seli moja, unafika karibu metre 2. Unaenea namna gani mahali padogo hivyo? Unazungushwa juu ya protini zinazoitwa histoni, sawa vile fundi wa cherehani anavyozungusha uzi wake, kisha unakunjwa tena na tena. Uzi pamoja na histoni zake ndio kromatini.

Kukunja huko si kwa kupata nafasi tu. Mahali kromatini imekazwa, jeni iliyo pale haisomwi, inanyamaza. Mahali imelegea, jeni inasomwa na protini yake inatengenezwa. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya ubongo zina ADN moja lakini kazi mbalimbali. Seli inaweka pia alama ndogo za kemikali juu ya ADN, zinazoitwa metili. Zikiwa nyingi pale jeni inapoanzia, mara nyingi jeni hiyo inapunguza kazi. Maagizo yenyewe hayabadiliki hata herufi moja.

Alama hizo ndizo watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, pamoja na Connie Mulligan, walizitafuta kwa wamama 25 waliozalia hopitali HEAL Africa, na kwa watoto wao wachanga. Wamama waliulizwa juu ya vita na juu ya shida za kila siku. Kwa watoto, jicho lilikuwa juu ya jeni moja, NR3C1.

Jeni hiyo inatengeneza kipokezi cha kotisoli, homoni ya mwili ulio katika hatari. Tuseme ni sikio. Kotisoli ikipanda, ubongo unaisikia, kisha unaamuru ipunguzwe. Masikio yakiwa machache, mwili unakawia kutulia.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2012: mateso ya mama yalienda pamoja na metili nyingi zaidi juu ya jeni hiyo kwa mutoto, na pamoja na uzito mudogo wa kuzaliwa. Yalienda pamoja, tusiseme zaidi ya hapo. Wamama 25 ni wachache, na mwenye kukimbia vita mara nyingi anakosa chakula pia. Njaa nayo inaacha alama: Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa kali ya 1944-1945 walipimwa karibu miaka 60 baadaye, na metili ya jeni IGF2 ilikuwa pungufu kuliko ya ndugu zao.

Lakini metili si kovu la moto. Seli ina protini za kuiweka na zingine za kuiondoa, na mutoto mwenye alama hizo si mugonjwa kwa sababu ya alama tu.

Mwaka 2016 watafiti wa chuo hicho walitangaza matokeo mengine ya Kongo. Safari hii waliangalia jeni nne za njia hiyo ya kotisoli, na alama zilionekana kwa watoto na kwa wamama wenyewe.